Falaki Wakati wa Chakula cha Mchana

Katika idara nyingi za falaki za vyuo vikuu ulimwenguni ipo desturi moja isiyomo katika ratiba ya masomo wala katika mtihani. Saa ya chakula cha mchana ifikapo, walimu, wanafunzi na mafundi wa mitambo hukusanyika chumba kimoja, kila mtu na chakula chake. Mmoja wao husimama kwa dakika kumi na tano hivi, akaeleza jambo analolichunguza, hasa lile linalomtatiza. Wengine humkatiza kwa maswali huku wakila. Hakuna atoaye alama. Maoni yetu ni kwamba desturi hii yafaa ihamie katika shule zetu za sekondari, na kwamba hata shule iliyo mbali na Chuo Kikuu, kama zile za Murungu na vijiji vingine vya Kibondo na Kasulu, haina sababu ya kungoja.

Mazungumzo ya mezani si porojo. Mwaka 1950, huko Los Alamos, Marekani, mwanafizikia Enrico Fermi alikuwa akila na wenzake baada ya kuzungumza nao juu ya safari za kutoka nyota moja hadi nyingine. Ghafla akauliza: ikiwa viumbe wenye akili wamo katika sayari nyingine, basi wako wapi? Swali hilo lingali likiwashughulisha wanafalaki hadi leo.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya ng'ambo. La hasha. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Aliona maziwa aliyoyatia katika friji yakiwa moto yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza sababu Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, aliyefika hapo kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka. Dakta Osborne hakulipuuza swali. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 makala yao wawili ilichapishwa. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya jambo hilo. Je, ni maswali mangapi ya namna hiyo yaliyokufa kwa kuchekwa?

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yetu. Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi mwenye swali zuri aghalabu hunyamaza kwa kuogopa kukosea lugha, si sayansi. Mazungumzo ya mchana hayafungwi na sharti hilo. Yanaweza kuendeshwa kwa Kiswahili, na ulimi ukishafunguka, fikira nazo hufunguka.

Itasemwa kwamba shule haina darubini. Kwa kuanzia, fimbo iliyonyooka yatosha. Saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, iliyo mbali baharini, mashariki ya Zanzibar. Kibondo ipo karibu na nyuzi 31, na kila nyuzi 15 ni sawa na saa moja. Kwa hiyo jua la Kibondo hufika kileleni karibu na saa saba, wakati ule ule wa chakula. Mnamo tarehe 11 Machi na tarehe 2 Oktoba jua hupita utosini hasa, na fimbo iliyosimama wima haina kivuli. Kasulu, iliyo kusini zaidi, hulipata siku mbili tatu kabla ya Kibondo mwezi Machi, na siku mbili tatu baada yake mwezi Oktoba. Kwa nini? Hilo liwe swali la mazungumzo ya kwanza. Watazame kivuli tu; jua lenyewe lisitazamwe kwa macho kamwe.

Tarehe 2 Oktoba iyo hiyo, jua la Songea likiwa kileleni, fimbo ya sentimita 100 hutoa kivuli cha sentimita 12 hivi, yaani pembe ya nyuzi 7. Kutoka Kibondo kwenda kusini hadi usawa wa Songea ni karibu kilomita 785, na pembe hiyo huingia katika duara kamili karibu mara 51. Shule mbili zikiandikiana barua zitapata mzingo wa dunia, karibu kilomita 40,000, kwa njia ile ile aliyoitumia Eratosthenes wa Alexandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Mwalimu naye asiogope kuulizwa asilolijua. Kusema "sijui, na tutazame" ni somo la kwanza la sayansi. Wala saa ya mapumziko isiporwe: mara moja kwa juma, baada ya wanafunzi kula, yatosha. Mwezi Novemba mazungumzo yaweza kuwa juu ya Kilimia, kinachochomoza mashariki jioni wakati wakulima wa nyanda za juu wakiwa na majembe mkononi, na ambacho jina lake lenyewe limetokana na kulima.

Idara za fizikia za vyuo vikuu vyetu nazo zina wajibu. Zifungue milango wakati wa mchana, na muhtasari wa yaliyozungumzwa uandikwe kwa Kiswahili na kupelekwa mashuleni. Lakini Murungu isingoje muhtasari huo. Fimbo ipo, jua lipo, na saa saba hufika kila siku.