BINTI ANAYETAKA ZIMAMOTO APEWE SAA YAKE



Kiangazi kikifika hapa Ufipa, nyasi hukauka. Mwezi wa Agosti na Septemba moshi huonekana huku na huko. Moto ukikaribia nyumba au shamba, hakuna anayeuliza nani mwanamume na nani mwanamke. Wote hukata matawi mabichi na kuupiga. Akina mama huleta maji. Kwa hiyo mwanamke kuzima moto si jambo geni kwetu.

Lakini binti akisema, "Nataka kuwa askari wa Zimamoto," baadhi ya watu hucheka. Husema hiyo ni kazi ya wanaume. Wengine humsifu, lakini husema: "Huyu hana haja ya mazoezi. Analima, anateka maji, anabeba kuni. Nguvu anazo tayari." Mimi naona pande zote mbili zinakosea. Binti anaweza kuifanya kazi hiyo. Lakini hataiweza kwa kuchoka tu na kazi za nyumbani. Anahitaji mazoezi, chakula na mapumziko. Na hayo hawezi kuyapata peke yake. Lazima wazazi na ndugu wamsaidie.

KAZI YENYEWE IKOJE?

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni jeshi la Taifa. Linaongozwa na sheria ya mwaka 2007. Lina askari wanaume na wanawake. Chuo chake kiko Chogo, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Ukiona moto au ajali, piga simu namba 114. Huduma hiyo hailipiwi.

Askari huyu huvaa nguo nzito, kofia ngumu na buti. Mgongoni hubeba mtungi wa hewa ya kupumua ndani ya moshi. Vyote kwa pamoja hufika kilo 20 au zaidi. Huo ni uzito wa ndoo ya maji ya lita 20. Akiwa na mzigo huo anavuta mpira wa maji, anapanda ngazi, na anamburuta mtu aliyezimia. Joto ni kali na moyo wake unakwenda mbio. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, karibu nusu ya askari wa zimamoto waliofia kazini walikufa kwa maradhi ya moyo, si kwa kuungua. Ndiyo maana tunasema: moyo na mapafu kwanza, mikono baadaye.

Mara nyingine gari la zimamoto haliwezi kufika. Mwezi wa Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliungua. Mamia ya watu walipanda kwa miguu kuuzima moto ule. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wa chuo cha Mweka. Huko juu kilichohitajika kilikuwa pumzi na miguu.

UCHOVU SI MAZOEZI

Binti wa kijijini ana nguvu, hilo ni kweli. Shingo yake, mgongo wake na miguu yake vimezoea mizigo. Tena Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na mwili wa anayeishi huku huizoea. Hiyo ni faida.

Lakini tazama vizuri. Ndoo hubebwa kichwani, na mtungi wa hewa hubebwa mgongoni. Kuni hubebwa kwa mwendo wa pole, lakini kwenye moto mtu hukimbia. Jembe huinuliwa na kushushwa, lakini mpira wa maji huvutwa. Kwa wastani mwanamke ana nguvu chache kuliko mwanamume. Tofauti hiyo ni ndogo miguuni, na ni kubwa zaidi mikononi na mabegani. Misuli ya mwanamke hukua kwa mazoezi kama ya mwanamume. Basi huko mabegani ndiko aanzie.

Liko jambo la kujifunza kutoka mji wa New York, Marekani. Mwaka 1977 wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kujaribiwa kwa kazi ya zimamoto. Wote waliofanya jaribio la nguvu walishindwa. Mmoja wao, Brenda Berkman, alikwenda mahakamani. Mahakama iliona kwamba jaribio lile halikupima kazi yenyewe. Likatungwa jaribio jingine, na mwaka 1982 wanawake wapatao 40 wakaingia kazini. Funzo ni hili: jizoeze ile kazi utakayoifanya.

JINSI YA KUJIZOEZA

Huhitaji chombo cha kununua. Tumia siku nne kwa wiki, saa moja kila siku, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi.

1. Pasha mwili moto kwanza. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu ni za baridi kali. Tembea haraka kwa dakika 10 kabla ya kukimbia.

2. Wiki mbili za mwanzo tembea haraka kwa dakika 30. Baadaye kimbia dakika moja, tembea dakika mbili. Ongeza kidogo kidogo, mpaka uweze kukimbia dakika 30 bila kusimama. Ukishindwa kusema maneno machache wakati unakimbia, punguza mwendo.

3. Piga pushapu. Anza kwa kusukuma ukuta. Ukizoea, sukuma benchi. Mwisho shuka chini.

4. Funga kamba kwenye mfuko wa mchanga. Simama mbali, uuvute kwako mkono kwa mkono. Anza na kilo 10.

5. Beba mfuko wa mchanga mgongoni, upande kilima na kushuka. Anza na kilo 5. Usifikie kilo 20 kwa haraka.

6. Chuchumaa na kusimama mara 10. Pumzika. Rudia mara tatu.

Siku tatu zinazobaki pumzika. Misuli hujengeka wakati wa kupumzika na kulala.

DAMU NDIYO PETROLI

Sisi tunaofanya kazi katika zahanati tunawaona mabinti wenye viganja vyeupe. Wakipanda kilima kidogo wanahema. Huo si uvivu. Mara nyingi ni upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu wa damu. Damu ndiyo inayochukua hewa kutoka mapafuni hadi kwenye misuli. Damu ikiwa pungufu, mazoezi hayatafaa kitu.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, nenda zahanati. Pima damu na presha. Eleza kama una pumu, selimundu au ugonjwa wa moyo. Ukiwa na malaria au minyoo, tibiwa kwanza. Ukiona umekosa siku zako, pima mimba kabla ya kubeba mizigo mizito.

Chakula cha kukusaidia kinapatikana hapa hapa. Maharage tunalima. Uji wa ulezi tunaujua. Samaki na dagaa hutoka Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Ongeza mboga za majani na limau au chungwa. Usinywe chai pamoja na chakula, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Subiri saa moja au zaidi.

Wako wanaosema kwamba kukimbia kunaharibu kizazi. Si kweli. Hata ukiwa katika siku zako unaweza kufanya mazoezi, kama huna maumivu makali. Lakini siku zako zikikoma kwa sababu ya mazoezi mengi na chakula kidogo, hiyo ni alama ya hatari. Alama nyingine ni maumivu ya kifua, kuzimia, na kuhema hata ukiwa umekaa. Acha mazoezi uende zahanati. Wala usinunue vidonge vya kuongeza nguvu.

WAZAZI, HAPA NDIPO PENYE KAZI

Najua neno hili halitawapendeza wote. Katika nyumba nyingi binti huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Kaka yake akirudi shamba hucheza mpira. Binti akirudi shamba huwasha moto, hupika na kuosha vyombo. Wakati wa kula, kipande kikubwa cha samaki huwa si chake. Halafu siku ya majaribio tunataka akimbie sawa na yule kaka. Je, hiyo ni haki?

Mpeni saa moja. Kaka achukue ndoo akateke maji siku hizo nne. Mpeni sehemu yake ya samaki na maharage. Atakayekimbia asubuhi asindikizwe na ndugu au mwenzake, asiwe peke yake porini. Nafasi zikitangazwa, someni tangazo lenyewe. Humo mmeandikwa umri, elimu na masharti mengine. Msimpe mtu fedha kwa kuahidiwa nafasi.

Huenda asichaguliwe. Wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache. Hata hivyo atabaki na moyo imara na damu ya kutosha. Akiwa mama siku moja, damu hiyo itamsaidia siku ya kujifungua. Na moto wa kiangazi ukija, kijiji kitakuwa na mtu mwenye pumzi.

JADILIANENI DARASANI

1. Katika nyumba yenu, nani hulala saa chache kuliko wote? Kwa nini?

2. Ni kazi gani za binti ambazo kaka anaweza kuzifanya kuanzia kesho?

3. Nani katika darasa lenu amepima damu mwaka huu?