Mchango si malipo ya Mzee Ojwang'

Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini Wakenya walimjua kama mzee wa Kijaluo: Ojwang' Hatari, mume wa Mama Kayai katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC. Kwetu Nakuru tulijazana kwenye sebule ya jirani aliyekuwa na runinga, na aliyecheka kutushinda sote alikuwa mama mmoja Mjaluo. Hakuona kabila lake likidhihakiwa. Alimwona mjomba wake.

Kofia, miwani mikubwa na lafudhi vilimjenga Ojwang', ila bila Mary Khavere, yule Mama Kayai wetu, ningekuwa nimeshamsahau. Mzee akianza kujigamba, mkewe hakumkatiza. Alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, kimya, mikono kiunoni. Sisi tulikuwa tayari tumeangua kicheko, naye hajafungua kinywa. Kazi ile huwezi kumfundisha mtu kwa wiki moja. Ni watu wawili waliozoeana hata kila mmoja akajua mwenzake atavuta pumzi wapi.

Uzeeni Wanjau akaugua macho, na wananchi wakaombwa wachange ili atibiwe. Wakachanga. Alifariki Julai 2015 katika Hospitali ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78, na rambirambi zikamiminika.

Wema wa Wakenya ni mkubwa, nami naushukuru. Lakini inaniuma kwamba mtu aliyetuchekesha tangu enzi KBC ikiitwa Sauti ya Kenya alifikia kuchangiwa dawa. Fundi wa mawe hulipwa ukuta ukiisha, akaenda zake, na ni haki. Kipindi hakiishi hivyo: hurudiwa, huwekwa YouTube, hubeba matangazo, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa hukitazama leo.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji. Haimsaidii sana akishatia sahihi mkataba wa kulipwa mara moja tu, na kijana anayetafuta kodi ya nyumba atatia sahihi chochote atakachowekewa mezani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila mkataba wa kuigiza utaje wazi fungu la mwigizaji kipindi kinaporudiwa au kuuzwa. Na vituo vyenye maktaba za vipindi vya zamani viwatafute wasanii wa kizazi cha Ojwang' walio hai, wakae nao, wakubaliane malipo, kabla namba nyingine ya M-Pesa haijasambazwa kwa ajili ya bili ya hospitali.