NENO "SHABAHA" LITUMIWE KWA UANGALIFU

Ni nadra wiki kupita bila meza yetu ya habari za nchi za nje kupokea taarifa isemayo kwamba ndege za nchi fulani "zimepiga shabaha za kijeshi kwa usahihi mkubwa." Taarifa hiyo hutafsiriwa upesi, kwa kuwa mtambo wa kuchapa haumngoji mtu, na asubuhi yake msomaji huipata kama tulivyoipata sisi. Twaona wakati umefika wa kueleza maneno hayo yana maana gani kwa wenyewe walioyatunga, kwani siyo maana anayoielewa raia wa kawaida.

Tuanze na usahihi. Wataalamu wa mabomu huupima kwa duara. Huchora duara kuizunguka shabaha, la upana ambao nusu ya mabomu yote yatarajiwa kuangukia ndani yake. Nusu hiyo ikiwa ndani ya mita 10 kutoka katikati, silaha husemwa kuwa na usahihi wa mita 10. Nusu ya pili huanguka nje, na kipimo hicho hakisemi ni wapi. Wala hakisemi kama ndani ya duara mna ghala la risasi au mna jiko la mama wa watu. Ni kipimo cha chombo tu. Hakiipimi hukumu ya aliyekituma.

Zamani hata chombo chenyewe hakikuaminika. Mwezi Agosti 1941 Serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya D. M. Butt, aliyechunguza picha zilizopigwa na ndege zilizokwenda usiku kuishambulia Ujerumani. Aliona kwamba katika ndege zilizoandikwa kuwa zimeshambulia shabaha zao, ni moja tu katika kila tatu iliyofika umbali wa maili 5 kutoka shabaha hiyo. Wakubwa hawakuacha kupiga, waliibadili shabaha. Mwaka 1942 makazi ya watu mijini yakawa ndiyo yanayolengwa, na Lord Cherwell, mshauri wa Waziri Mkuu Churchill, akaandika waraka wa kukadiria ni Wajerumani wangapi wangeweza "kuondolewa makao." Neno lile lilikuwa jipya na safi, la kiofisi kabisa. Maana yake ilikuwa kuzipiga mabomu nyumba za wafanyakazi.

Wazee wa Mwanza nao wana ushahidi wao. Mwezi Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilitumwa kuupiga mji huo. Iliukosa, na kilichopigwa ni hifadhi ya kisiwa cha Saanane, ambako wanyama kadhaa waliuawa. Leo ni kisa cha kuchekesha. Rubani yule angelenga vizuri zaidi kisingechekesha hata kidogo.

Maana siku hizi mabomu mengi huongozwa kwa leza au kwa setilaiti, na hufika yalikotumwa. Tarehe 13 Februari 1991 mabomu mawili ya Marekani yalilipiga barabara handaki la Amiriyah mjini Baghdad, ambalo Marekani ilisema ni kituo cha uongozi wa jeshi. La kwanza lilitoboa paa la zege, la pili likaingia. Zaidi ya raia 400 waliokuwa wamejihifadhi humo walikufa. Tarehe 7 Mei 1999 mabomu matano yaliyoongozwa kwa setilaiti yaliupiga Ubalozi wa China mjini Belgrade, yakawaua waandishi wa habari watatu, wenzetu wa kazi. Kwa maelezo ya Marekani yenyewe, kosa lilikuwa katika kutafuta jengo kwenye ramani. Mabomu yalianguka pale pale yalipoelekezwa. Na tarehe 29 Agosti 2021 mjini Kabul kombora liliangamiza gari dogo jeupe lililokuwa limefuatwa kwa saa nyingi na ndege isiyo na rubani. Jenerali Milley, kiongozi wa wakuu wa majeshi ya Marekani, aliliita shambulio la haki. Tarehe 17 Septemba jeshi hilo likakiri kwamba waliokufa walikuwa raia 10, na kati yao watoto ni 7.

Mara zote tatu kilichokusudiwa kupigwa kilipigwa. Kwa lugha ya wataalamu, usahihi ulikuwa kamili.

Yapo na "madhara ya kando," yaani watu waliouawa bila kukusudiwa. Kutokusudiwa si kutojulikana: mara nyingi idadi yao hukadiriwa kabla bomu halijatupwa, na mkubwa fulani akaikubali. Hata neno letu shabaha lina jambo la kutufunza, kwa kuwa ni ndugu wa shabihi, kufanana. Huko Pakistan ndege zisizo na rubani ziliwaua watu ambao majina yao hayakujulikana kwa warushaji. Ilitosha kwamba mienendo yao ilifanana na ya wapiganaji. Mtu aliuawa kwa kushabihi.

Sheria ipo. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, yasema kitu huwa shabaha ya kijeshi endapo kwa hakika kinachangia vitendo vya kijeshi, na kukiharibu kunaleta faida ya kijeshi iliyo wazi. Penye shaka, nyumba, shule au mahali pa ibada pahesabiwe kuwa pa raia. Marekani iliitia sahihi itifaki hiyo lakini haijairidhia. Anayedai amepiga shabaha ya kijeshi, basi, anatoa dai la kisheria, na dai huthibitishwa.

Kwa hiyo tumewaagiza wafasiri wetu wasiandike "shabaha ya kijeshi" bila kumtaja anayedai hivyo. Wataje kilichopigwa kwa jina lake: daraja, kambi, soko, nyumba. Waliokufa watangulie aina ya bomu. Na pale ambapo taarifa haisemi ni nini kilichopigwa, gazeti liseme kwamba haikusemwa. Wasomaji watakaotuona tumeteleza watuandikie. Nafasi ya barua zao ni ukurasa huu huu.