Bustani Iliyokula Vumbi la Mbao

Mwaka jana niliaibika mbele ya jirani yangu. Nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Ruring'u, mjini Nyeri, pana vitalu vitatu vya sukumawiki. Ndivyo vinavyotuokoa Januari, karo ikishakomba mfuko. Basi nikapata magunia mawili ya vumbi la mbao, bila malipo, nikayafukia yote kitaluni. Majuma matatu baadaye majani yalikuwa manjano.

"Mwanangu," mama yule akaniuliza, "umeilisha bustani ama umeiletea mgeni wa kula?"

Alikuwa na haki. Vijidudu vinavyoozesha mbao huhitaji naitrojeni, na mbao zina kiasi kidogo mno. Hivyo huichota iliyomo udongoni, mboga zikabaki na njaa. Nayo samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu.

Kila kitu kiivishwe kwanza. Tandaza mabua ya mahindi, juu yake majani mabichi (tithonia, ile yenye maua ya manjano kando ya barabara, inafaa sana), kisha samadi na udongo kidogo. Vumbi la mbao, konzi tu! Nyunyiza maji, rudia hadi lundo lifike kiunoni, ulifunike kwa majani ya migomba. Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku nne ichomoe uishike. Ikiwa moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji; ikiwa imelowa na inanuka, geuza lundo lipate hewa. Hata lisiponuka, ligeuze kila baada ya majuma matatu. Miezi mitatu hutosha, ingawa kwa baridi yetu ya Julai utangoja zaidi.

Je, uko karibu na kiwanda cha kahawa, tuseme Othaya au Mathira? Karibu sehemu nne kwa kumi za uzito wa kahawa mbivu ni maganda, nayo yana potasiamu tele. Lakini yakiwa mabichi huita nzi, na maji yake huchafua mito. Yaivishe vilevile.

Huenda ukasema udongo mwekundu wa Mlima Kenya hauhitaji haya yote. Udongo huu hudanganya. Una kina, ni wa volkano, lakini mwingi una asidi na huifunga fosforasi isifikie mizizi. Mbolea ya DAP ikitumiwa miaka nenda miaka rudi huzidisha asidi hiyo. Mboji hulegeza kifungo polepole. Asidi ikiwa kali utahitaji chokaa pia, ila pima udongo kabla ya kuinunua.

Mvua ndefu huku huanza katikati ya Machi hivi, kwa hivyo lundo lako liwe tayari limejengwa mwanzoni mwa Desemba. Langu nimelijenga. Juzi nilichomoa fimbo ikanichoma kiganja nikaiangusha, na mama jirani, aliyekuwa akianika nguo, akacheka hadi akaketi chini.