Mkidunga Mtu Mgongo, Mwambieni Ukweli

Wasee, leo sina mchezo.

Nikiwa mwaka wa pili chuo, kabla niachane na hiyo stori ya digrii, nililazwa na homa, shingo imekaza kama mti. Wakashuku homa ya uti wa mgongo. Nikaambiwa nijikunje kwa kitanda, nikapigwa ganzi, wakatoa maji ya mgongo na sindano. Iliuma? Kiasi tu. Majibu yakatoka safi, nikaruhusiwa kwenda home na karatasi ya dawa. Basi.

Siku ya pili naamka niende choo. Manze! Kichwa nusura kipasuke. Nikilala kinatulia, nikiinuka kinarudi. Shosho akaanza, "Si nilisema? Hiyo sindano hupooza watu." Usiku mzima nilikuwa nafinya miguu nione kama bado inaskia.

Narudi hosi, nesi anacheka. "Aah, hiyo ni kawaida."

Kama ni kawaida, mbona hukuniambia?

Hapo ndipo nilikasirika na sijawahi tulia. Hii kitu inajulikana tangu 1898, wakati daktari Mjerumani, August Bier, alimwacha msaidizi wake amdunge mgongo, kisha yeye mwenyewe akaumwa hivi hivi na kichwa kwa siku kadhaa. Hiyo ni zaidi ya miaka 120! Kuieleza ni dakika mbili: sindano inaacha katundu kadogo, maji yanavuja, kwa hivyo ukiinuka kichwa kinauma. Kwa wengi huanza ndani ya siku 3 na huisha yenyewe kwa wiki moja hivi. Kikiuma, lala. Kunywa maji, meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa. Kahawa pia husaidia wengine. Ikikataa kuisha, daktari anaweza kutoa damu kwa mkono wako aidunge pale mgongoni, izibe hako katundu. Na kuna sindano za ncha kama ya penseli ambazo hupunguza hii shida sana. Uliza kama wako nazo.

Na nyinyi wa "inapooza watu," pia nyinyi niwashike. Sindano huingia chini ya pale ile kamba kuu ya neva inaishia. Madhara makubwa yapo, lakini ni nadra sana. Mara nyingi mnayemwona amepooza ama amekufa, ni ugonjwa ulimfikisha hapo, na labda alichelewa kupimwa kwa sababu mlimtisha. Meninjitisi haingojei mkutano wa familia.

Lakini mnajua kwa nini shosho aliaminika? Kwa sababu daktari alinyamaza. Mgonjwa akiachwa bila maelezo, ataokota yoyote atakayopata kwa ploti.

Kwa hivyo kabla usaini ile fomu, uliza: nitaskia nini nikifika home? Na ukiona homa imerudi, shingo inakaza, miguu inakufa ganzi ama kukosa nguvu, mkojo hautoki ama unatoka wenyewe, pale walidunga panavuja, ama kichwa kinauma hata ukiwa umelala, rudi hosi siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Sikumaliza chuo, sawa. Lakini dakika mbili najua kuhesabu. Daktari, nilikuwa nakudai hizo.

Nani mwingine alidungwa akarudishwa home bila kuambiwa kitu? Ongea hapa chini.