Redio ya mkimbizi isitegemee kipande kimoja

Redio ikinyamaza, familia iliyokimbia vita haijui tena barabara gani iko wazi wala chakula kinagawiwa wapi. Mara nyingi kinachoiua ni kitu kidogo: betri ya umbo la pekee au tundu la shaja lisilopatikana sokoni. Fundi wa Birere anajua kazi yake, lakini kama kiwanda kiliacha nafasi ya betri ya aina moja tu, atafanya nini?

Viwanda vikubwa vyenyewe havikubali kutegemea kipande kimoja. Somo hilo walilipata kwa madini ya huku kwetu. Mwaka 2000 bei ya tantali, inayotoka katika koltani, ilipanda ghafla. Watu wa Kivu wakakimbilia machimbo. Kule viwandani, wahandisi wakabadilisha michoro, ili penye kapasita ya tantali, kile kipande kinachotunza umeme kwa muda mfupi, iweze kuingia ya kauri au ya alumini. Mwaka 2001 mahitaji yakapungua, bei ikaanguka. Aliyekuwa na njia ya pili alijiokoa. Mchimbaji hakuwa nayo.

Basi kwa nini taa ya jua na redio zinazoletewa watu waliopoteza vyote zitengenezwe bila njia ya pili?

Mashirika yanayonunua vifaa hivyo yaulize maswali matatu kabla ya kulipa. Je, redio inakubali majiwe ya kawaida yanayouzwa kila duka? Inachajiwa kwa kamba ya simu ambayo jirani anayo? Inafunguliwa kwa bisibisi, au ni lazima kuivunja?

Watakuwepo wa kusema redio ya namna hiyo ni ya bei kubwa zaidi. Inawezekana. Lakini ile ya bei ndogo ikifa baada ya miezi michache, pesa yote imepotea, na familia imebaki gizani bila habari. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, kila mtu aliona kwamba kungojea kitu kutoka mbali si mpango.

Kamati za wakimbizi nazo zisiogope kuuliza siku ya ugawaji. Na kabla ya kununua redio elfu moja, mpeni fundi wa hapa moja aifungue kwanza. Atasema kweli kama anaweza kuitengeneza.