Kipandikizi cha titi huvuka mpaka, taarifa zake hubaki nyuma

Mwanamke aliyeondolewa titi kwa saratani anapotaka kujengewa jingine, swali la kwanza mara nyingi ni kovu. Upasuaji wa chale ndogo, unaotumia kamera na vifaa vyembamba vinavyopitishwa kwapani, umelipa swali hilo uzito mkubwa mno. Kinachoamua maisha yake baada ya kidonda kupona ni mahali kipandikizi kilipowekwa na aina yake.

Kwa miaka mingi kiliwekwa chini ya msuli wa kifua. Msuli hukifunika vizuri, ila maumivu huwa makali zaidi na titi husogea kila msuli unapokazwa, jambo linalomsumbua mama anayeinua mizigo kutwa. Siku hizi wapasuaji wengi hukiweka juu ya msuli. Maumivu hupungua, lakini ngozi iliyobaki lazima iwe nene na ipate damu ya kutosha. Ikiwa nyembamba mikunjo huonekana, na ikifa kipandikizi huenda kikatolewa. Tiba ya mionzi huongeza hatari ya kovu la ndani kukikaza, popote kilipowekwa. Ndiyo maana wapo wanaoshauriwa kutumia nyama ya tumbo au mgongo wao wenyewe.

Hayo daktari huyaeleza. Kinachosahaulika ni kwamba kipandikizi ni bidhaa ya kiwandani, na bidhaa huwa na kasoro.

Machi 2010 Ufaransa ilipiga marufuku vipandikizi vya kampuni ya PIP baada ya kubainika vilijazwa silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa kwa tiba. Vilikuwa vimeuzwa katika nchi zaidi ya 60. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Julai 2019 ikaja zamu ya Allergan: kwa ombi la mamlaka ya Marekani, FDA, iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vya Biocell, vyenye uso wa kukwaruza. FDA ilikuwa imehesabu wagonjwa 573 wa saratani adimu ya chembe za kinga inayohusishwa na vipandikizi, na 33 walikuwa wamefariki. Kati ya hao 573, 481 walihusishwa na bidhaa za Allergan.

Wasio na dalili hawakushauriwa kuvitoa. Walitakiwa kuwa macho na uvimbe, ambao mara nyingi hutokea miaka kadhaa baadaye. Hapo ndipo mpaka unapouma. Aliyepasuliwa Nairobi au India huvimbia nyumbani, mbele ya daktari asiyejua ndani mna nini, na tangazo la kuondoa bidhaa sokoni halimfikii.

Mfanyabiashara hapokei shehena bila hati zake. Shirika la Dawa la Afrika, ambalo mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021 na makao yake yako Kigali, linahusika pia na vifaa tiba, lakini mgonjwa wa leo hawezi kulisubiri. Adai kadi yenye jina la mtengenezaji, modeli, ukubwa na namba ya toleo kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini. Aliyekwisha kurudi bila kadi aandikie hospitali iliyompasua: vipandikizi huja na vibandiko vya namba hizo, na kimoja hubandikwa kwenye faili la mgonjwa.